Tumbo Moja, Maji Mawili

Huku kwetu Arumeru, mtu akicheka unaweza kukisia utotoni alinyweshwa maji ya wapi. Wapo wenye meno ya kahawia iliyokolea, wapo wenye madoa madogo tu, na wapo ambao meno yao yamemomonyoka kabla hawajamaliza shule ya msingi. Ukienda Dar es Salaam au Mwanza, mtu atakutazama ukicheka kisha atauliza, "Wewe wa Arusha?" Wala hajakosea. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkano, na miamba yake imejaa floraidi. Maji ya mvua na ya chemchemi hupita katika miamba hiyo, huichukua floraidi, hushuka nayo mpaka kwenye ndoo zetu. Huioni, huinusi. Maji ni maangavu kabisa, mtoto anakunywa.

Meno yangu mimi ni meupe. Mama aliponizaa hakupata nafuu haraka, bibi mzaa mama akaja kutoka Lushoto kunichukua kabla sijatimiza mwaka. Nilirudi nyumbani, Maji ya Chai, nimeshaingia darasa la nne. Mdogo wangu alizaliwa nyumbani, akakulia nyumbani. Meno yake ni ya kahawia, na alipofika umri wa kuchunga mbuzi magoti yake yalikuwa yameanza kuachana. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto, anaendesha bodaboda, na akishuka kwenye pikipiki inabidi ashike kitu kwanza ndipo asimame. Tumbo moja, baba mmoja, ugali wa sufuria moja. Kilichotutenga ni maji ya miaka ile ya mwanzo.

Jino huumbwa ndani ya fizi muda mrefu kabla halijachomoza. Floraidi ikizidi katika miaka kama minane ya kwanza, hulivuruga likiwa bado linajengwa, na likishaota limeota. Daktari anaweza kulifunika, hawezi kuliumba upya. Mfupa nao huipokea floraidi polepole, mwaka baada ya mwaka. Huongezeka uzito na hupungua nguvu, na kwa mtoto anayekua miguu inaweza kupinda. Kwa hiyo miguu yangu iliyonyooka sikuifanyia kazi yoyote. Nilipewa na mito ya Usambara, kule Lushoto kwa bibi. Nilipoamua kukimbia marathoni, mimi ambaye sikuwa nimewahi kukimbia kitu kirefu kuliko mchakamchaka wa shule, nilitaka miguu hiyo ifanye kazi kwa ajili ya ile ambayo haikupata bahati.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari iliyo kando ya barabara ya Moshi. Watafiti wachache walikuja shuleni kuomba kupima meno na mkojo wa wanafunzi, kwa ridhaa ya wazazi, pamoja na maji ya nyumbani kwao. Meno yanasimulia yaliyopita. Mkojo unaonyesha mtoto anaingiza floraidi kiasi gani leo. Walipima wakati wa kiangazi. Walitaka kurudi masika, kwa sababu kiasi cha floraidi mtoni hubadilika maji yakijaa. Walitaka pia kuchunguza chakula: magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka, ambayo nayo hubeba floraidi, na maziwa, maana mtoto asiyepata kalsiamu ya kutosha mifupa yake huathirika zaidi. Fedha zikawaishia njiani. Waliponitajia kiasi walichopungukiwa, nikaona ni gharama za keki, ukumbi na mapambo ya harusi moja ya pale mjini, na nikadhani kuzipata kutakuwa rahisi.

Sisi Watanzania tunajua kuchanga. Kadi ya harusi inafika na kiwango chake. Msiba ukitokea usiku, kufika asubuhi daftari liko mlangoni na mweka hazina ameshapatikana. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya KCMC, kundi la WhatsApp linafunguliwa, picha yake inawekwa, miamala inaanza kuingia. Vyote hivyo vina uso wa mtu. Nilipopeleka habari yangu ofisi ya walimu, swali la kwanza lilikuwa, "Mgonjwa ni nani?" Nikasema hakuna mgonjwa mmoja. "Sasa tunamchangia nani?" Nikaeleza kuhusu meno, mkojo na maji ya masika. "Wakishapima, watatibu?" Nikajibu ukweli: hapana, miguu iliyopinda hawatainyoosha, wakipima vizuri watajua ni watoto gani wako hatarini, na kwa njia ipi hasa floraidi inawafikia, kabla mguu haujapinda. Ofisi ikanyamaza. Kisha mwalimu wa Kiswahili, mama wa makamo aliyenitangulia kazini, akasema kwa upole, "Kwa hiyo mwalimu, unatuomba tumchangie mtoto ambaye bado hajaugua."

Nimesoma maelezo mengi ya utafiti wa tiba ni nini. Hilo la mama yule limeyapita yote. Na ndani yake mna ugumu wote wa jambo lenyewe, kwa sababu mtoto ambaye bado hajaugua hana picha ya kuweka kwenye kundi. Hakuna atakayekuja kushukuru miaka ishirini baadaye kwa miguu aliyodhani ni ya kawaida. Mimi mwenyewe sikuwahi kushukuru kwa yangu.

Ndiyo maana mbio zikahitajika. Mtu ambaye hauoni utafiti anaweza kuiona kilomita. Nilichora mistari kwenye karatasi ya manila, nikaandika namba 1 mpaka 42, nikaibandika ukutani karibu na ratiba ya vipindi, na nikatangaza kwamba kila kilomita inauzwa. Mnunuzi anaandika jina lake, na siku ya mbio nitaikimbia hiyo kwa niaba yake. Mambo yakabadilika. Watu waliokuwa wakiniuliza maswali magumu kuhusu sampuli wakaanza kubishana kuhusu namba. Kidato cha pili walinunua ya 7 kwa sarafu walizokusanya kwenye kopo. Akina mama wa kikoba kimoja cha soko la Tengeru waliuliza kwanza mkimbiaji huchoka wapi. Nilipowaambia kwamba baada ya kilomita 30 mwili huwa umemaliza akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini, wakanunua 31, 32 na 33 mfululizo. Mzee mmoja wa Maji ya Chai, ambaye mgongo wake haunyooki tena, alinipa noti ya elfu mbili nilipompa shikamoo njiani, na akakataa jina lake liandikwe. "Mimi, mwanangu, nimeshachelewa," akasema. "Wapimeni hawa wadogo."

Mita 195 za mwisho sikuwa nimeziandika popote. Mdogo wangu ndiye aliyeligundua hilo. Akachukua kalamu, akaongeza mstari chini kabisa ya karatasi, akaandika jina lake.

Arusha ni mji mzuri wa kujifunzia mbio, kwa sababu hapa mkimbiaji si kioja. Ukitoka alfajiri barabara ya Sakina kuelekea Ngaramtoni utawakuta wanariadha wakifukuza upepo kwa makundi, kimya kimya, kila mmoja na saa mkononi. Mji umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Hewa ina oksijeni pungufu, na mwili unaozoea kufanya kazi humo huongeza uwezo wa damu kuibeba. Mkoa huu ndio uliomzaa Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na mwanajeshi wa JWTZ, akashinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa, wote wawili wakiandikiwa muda ule ule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Nimeitazama video ya mita zile za mwisho mara nyingi kuliko nilivyotazama fainali yoyote ya mpira.

Mwanamke mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri, watu hudhani kuna msiba. Mwanzoni kila nyumba niliyoipita ilinisimamisha: "Mwalimu, kulikoni?" Nikajifunza kujibu nikiwa naenda. Siku moja kijana mmoja wa kundi la Sakina, ambaye kwa mwendo wake nadhani alikuwa akipumzika tu, alipunguza kasi akawa sambamba nami. Akanisikiliza pumzi kwa muda. "Mama, punguza," akaniambia. "Ukiweza kuongea na mimi bila kukata maneno, huo ndio mwendo wako. Kasi itakuja yenyewe." Kisha akaondoka. Ushauri ule ulinifaa kuliko raba zangu mpya. Wiki za kati nilizimalizia kwenye barabara ya mchepuo inayouzunguka mji kwa kusini, ile tunayoiita baipasi, inayotokea Ngaramtoni mpaka Usa River. Ina urefu wa kilomita 42 na ushei, na nilipofahamu hilo nilifurahi sana: marathoni nzima imelazwa chini ya mlima wetu, na ng'ombe wanaivuka kila jioni. Lakini huko ni upepo na vumbi na malori, hakuna mengi ya kusimulia.

Zoezi refu kuliko yote ndilo nililolipenda. Nilianzia Mnara wa Saa gizani, mdogo wangu akiwa nyuma yangu kwa pikipiki, taa ikinimulikia, kidumu cha maji ya kuchuja kimefungwa kwenye kiti. Njia yenyewe ni ya mito. Themi uko hapo hapo mjini, kabla jasho halijatoka. Kisha barabara inashuka taratibu kuelekea mashariki, njia nne mpaka Tengeru, na Meru yuko kushoto wakati wote. Ukivuka Nduruma unaona mashamba yameanza. Halafu Tengeru, halafu Usa, halafu Maji ya Chai. Yote inatoka mlima mmoja, lakini maji yake hayalingani hata kidogo. Kijiji kimoja kina watoto wenye meno safi na cha jirani kina watoto wenye meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka miligramu 4, na walioweka kiwango hicho hawakuwa wazembe: ukishikilia 1.5, vijiji vizima vinabaki bila maji halali ya kunywa. Na huko nyuma ya mlima, maziwa ya Momella, yaliyotapakaa kwenye kifusi cha ubavu wa Meru ulioporomoka maelfu ya miaka iliyopita, yana floraidi ambayo mtu hawezi hata kuifikiria kwenye kikombe.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru. Kulikuwa kumeshapambazuka na matenga ya nyanya yanashushwa. Wale akina mama wa kikoba walinitambua kwa mbali. "Mwalimu, bado hujafika kwetu!" mmoja akapaza sauti. "Zetu ziko juu huko!" Wakacheka, wakanipa ndizi mbivu, nikala bila kusimama.

Tengeru hiyo hiyo ndipo kilipo Chuo cha Nelson Mandela cha Sayansi na Teknolojia, ambako Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio la nano lililompa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Mbele zaidi, Ngurdoto, kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi. Huko wamefanyia kazi njia ambayo mimi kama mwalimu wa kemia naiona ni ya akili mno. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri yenye hewa kidogo mpaka inakuwa mkaa, inapondwa, inajazwa kwenye ndoo, na maji yanapitishwa humo. Madini yaliyo kwenye mfupa ndiyo yanayovuta floraidi. Ndiyo sababu mifupa ya mtoto huiteka. Sasa mfupa wa ng'ombe unaiteka kwanza, kwenye ndoo, kabla haijafika kwa mtoto. Njia hiyo ina masharti yake. Moto ukizidi, mkaa unapoteza nguvu. Moto ukipungua, maji yananuka. Mkaa hushiba, lazima ubadilishwe, na mama wa nyumbani hana macho ya kuona kwamba umeshiba. Na zipo familia zinazotaka kujua ni mifupa ya mnyama gani, na alichinjwaje, kabla hazijakubali maji yapite humo. Hayo yote ni maswali ya utafiti, na hakuna hata moja linalojibiwa na mtu aliyekaa Dar es Salaam.

Nilimaliza zoezi lile kwenye njia ya Ngurdoto, miguu ikitetemeka. Mdogo wangu alizima pikipiki, akashika mti, akashuka, akanimiminia maji kichwani. Akaniuliza, "Dada, hivi magoti yanauma kwa ndani au kwa nje?" Nikamwambia kwa nje. Akatikisa kichwa. "Yangu ni kwa ndani," akasema, na tukakaa pale kwenye nyasi tukilinganisha maumivu, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulifanya tangu utoto. Nilijua miguu yake imepinda. Sikuwa najua kwamba usiku huamka kuigeuza kwa mikono.

Mbio nilizochagua, Kilimanjaro Marathon, hukimbiwa Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, tangu mwaka 2003. Tulikwenda siku moja kabla kwa Coaster ya kukodi, walimu, wanafunzi wachache na akina mama wawili wa Tengeru waliosema hawawezi kununua mali bila kuiona. Moshi iko chini kuliko Arusha na joto lake ni jingine kabisa. Usiku ule nililala kidogo. Alfajiri uwanja wa Ushirika ulikuwa umefurika: Wakenya wembamba wakipasha misuli mbele, wageni kutoka Ulaya na Marekani, askari, wanafunzi, wazee waliovaa fulana za kampuni zao. Nilikuwa na orodha ya kilomita niliyoiandika kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Sehemu ya kwanza ni tambarare, inatoka mjini kuelekea njia ya Dar es Salaam na kurudi. Nilitaja majina ya wote, kwa sauti ndogo, kila nilipopita kibao. Kidato cha pili niliwakimbia nikitabasamu. Nilimkumbuka yule kijana wa Sakina, nikawa naongea na jirani yangu, muuguzi kutoka Tanga, mpaka mjini tena. Kisha njia inageuka kuelekea mlimani, inapanda kwenda Mweka katikati ya migomba na kahawa, na jua linakuwa limeshatoka. Hapo mazungumzo yalikwisha. Watoto walikimbia kando yetu pekupeku wakishangilia, akina mama wa Kichaga walisimama kwenye mageti na ndoo wakituuliza kama tunataka kumwagiwa. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea.

Kilomita za kikoba cha Tengeru zilinikuta katika hali ambayo sitaisahau. Mapaja yaligoma. Nilikuwa nikisikia moyo masikioni, na mawazo yalikuwa mafupi: mti ule, kisha mti mwingine. Sikuwaza sayansi, sikuwaza miligramu. Niliwaza kwamba mwanamke anayeuza nyanya kwa fungu aliweka fedha hapa, mahali pagumu kwa makusudi, na kwamba kama nikikaa chini nitakuwa nimekaa kwenye mali yake. Nilizipita zote tatu kwa mwendo wa kutembea haraka, mikono ikifanya kazi kuliko miguu. Wakimbiaji wawili niliokuwa nimewapita asubuhi walinipita, mmoja akanigusa bega, "Pole mama, tunashuka sasa." Na kweli mteremko ukaanza.

Mdogo wangu alikuwa amesimama ndani ya geti la uwanja, ameshika chuma cha uzio. Hakushangilia. Alinitazama miguu tangu nilipoingia mpaka nilipovuka mstari, na nilipofika kwake akaniambia, "Umezimaliza vizuri." Alikuwa anazungumzia zake, zile mita 195, nami hilo lilinifurahisha kuliko yote niliyoambiwa siku ile.

Kwa fedha za kilomita zile, watafiti walirudi masika. Nilikwenda nao Jumamosi moja kubeba vichupa, kwa kuwa barabara za ndani zilikuwa tope na gari lao liliishia njiani. Nyumbani kwa mdogo wangu walichukua maji ya ndoo mbili, ya mtoni na ya kisima, na kipande cha magadi kutoka jikoni, na binti yake wa miaka minne akatoa mkojo kwenye kikopo baada ya kubembelezwa kwa biskuti. Majibu yalipokuja, yaliandikwa kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya wazazi chini ya mti wa mkutano. Kisima, ambacho kila mtu alikiamini kwa sababu kimefunikwa, kilikuwa kibaya kuliko mto. Wifi yangu sasa anapika uji wa mtoto kwa maji ya chemchemi ya mbali kidogo iliyopimwa ikaonekana afadhali, na mdogo wangu huyaleta kwa pikipiki jioni baada ya kazi. Magadi wifi ameyaacha, makande yanachukua muda mrefu zaidi na kuni zaidi, na hilo nalo limeandikwa kwenye daftari la watafiti kama gharama.

Wanachotaka kujua baada ya hapa ni kama kubadilisha maji ya kunywa na ya uji peke yake kunatosha kwa mtoto wa umri ule, au mpaka maji yote ya kupikia yabadilishwe. Kulijibu swali hilo lazima watoto wale wale wapimwe tena mwakani na mwaka unaofuata. Karatasi mpya ya manila iko ukutani. Akina mama wa Tengeru wamechukua tena 31 mpaka 33, safari hii wameongeza na 34, na mwalimu wa Kiswahili ameandika jina lake kwenye ya kwanza na kuniambia ataikimbia mwenyewe.